Kupotea, Kufutwa na "Ndio": Kusoma Makala Tatu za Kifua Kikuu

Kati ya 2002 na 2003 zilitoka makala tatu za kisayansi kuhusu kipande kimoja cha vinasaba. Zote tatu zilikuwa zikijibu swali lilelile: BCG, chanjo ya kifua kikuu wanayochomwa watoto wachanga, ni bakteria hai wa jamii ileile inayoua watu, kwa nini yeye haui? Kipande chenyewe kinaitwa RD1. Makala ya kwanza, kutoka Institut Pasteur ya Paris, ilisema katika kichwa chake kwamba kupotea kwa RD1 kulichangia udhoofu wa chanjo hai mbili, BCG na Mycobacterium microti. Ya pili, iliyoandikwa na watafiti wa Seattle na mwenzao wa Montreal, ilisema kufutwa kwa RD1 katika bakteria wa kifua kikuu kunaiga udhoofu wa BCG. Ya tatu, kutoka Albert Einstein College of Medicine ya New York, ilitamka kwamba utaratibu mkuu wa udhoofu wa BCG ndio kupotea kwa uwezo wa kupasua seli, uwezo anaouhitaji bakteria ili apenye tishu za mapafu.

Kulichangia, kunaiga, ndio. Kipande ni kimoja na miaka ni miwili, lakini madai ni matatu yaliyopishana sana kwa uzito. Nazisoma makala hizi kwa umbo lake: kichwa, kitenzi, jina analopewa kiumbe aliyetengenezwa, na mpangilio wa matukio. Wapo wanaoamini kwamba makala ya sayansi haina umbo, ina matokeo tu, na kwamba maneno yake ni mfuko wa kubebea takwimu. Sikubaliani nao. Katika utafiti wa jeni za magonjwa umbo ndilo linalobeba hoja. Ukilibadilisha, umebadilisha kinachodaiwa hata kama panya ni walewale.

Kwanza kisa chenyewe. Kuanzia 1908, katika mji wa Lille nchini Ufaransa, Albert Calmette na Camille Guérin walimwotesha bakteria wa kifua kikuu cha ng'ombe juu ya vipande vya viazi vilivyopikwa kwa nyongo na gliserini. Kila baada ya majuma machache walihamisha sehemu ya bakteria hao kwenye kiazi kipya. Walifanya hivyo mara 230 katika muda wa miaka 13, hadi wakapata bakteria asiyewaua wanyama wa maabara. Mwaka 1921 mtoto mchanga wa kwanza alipewa chanjo hiyo huko Paris, kwa kumezeshwa. Hakuna aliyekata jeni yoyote, na wakati ule hakuna aliyejua kwamba jeni zimeundwa kwa DNA. Vinasaba vya bakteria huyo vilipungua vyenyewe, gizani, mbele ya watu wawili waliokuwa wakiona matokeo bila kuona sababu.

Mwaka 1996 timu ya Seattle iliyoongozwa na Gregory Mahairas ililinganisha vinasaba vya BCG na vya bakteria mkali wa ng'ombe, ikakuta vipande vinavyokosekana. Kimoja, chenye urefu wa herufi za kinasaba zipatazo 9,500 na jeni tisa, hakikuwamo katika BCG yoyote, popote duniani. Nchi mbalimbali zilianza kupokea BCG kutoka Ufaransa katika miaka ya 1920 na kuiotesha kila moja kivyake, kwa hiyo kipande kinachokosekana kwa zote lazima kiliondoka kabla ya safari hizo, yaani mikononi mwa Calmette na Guérin. Huo ulikuwa ushahidi mzuri wa mahali palipotokea tukio. Haukuwa bado ushahidi kwamba tukio hilo ndilo lililoleta udhoofu, kwa sababu kitu kinaweza kupotea siku moja na nguvu zikapotea siku nyingine.

Hapa ndipo umbo linapoingia. Mwaka 1988 Stanley Falkow alipendekeza kanuni za kuamua kama jeni fulani inahusika na ugonjwa, akifuata nyayo za Robert Koch, yule aliyetangaza mjini Berlin tarehe 24 Machi 1882 kwamba amempata bakteria wa kifua kikuu. Koch alitaka utoe bakteria kwa mgonjwa, umwoteshe peke yake, umwingize kwa mnyama, kisha ugonjwa urudi. Falkow aliishusha kanuni hiyo hadi kwenye jeni: sifa ya ukali ionekane kwa bakteria wakali, jeni inayoshukiwa ikiharibiwa, ukali upungue kwa kipimo, jeni ikirudishwa, ukali urudi. Ni hadithi yenye sehemu tatu, na sehemu ya tatu ndiyo hukumu. Sehemu ya pili peke yake inatuonyesha kwamba bakteria ameumia, lakini haijatuonyesha ameumizwa na nini.

Kwa bakteria wa kifua kikuu hadithi hiyo haikuweza hata kuanza kusimuliwa kwa muda mrefu. Ukuta wake ni mnene wa nta, hugawanyika takriban mara moja kwa siku nzima, na koloni huchukua majuma kadhaa kuonekana kwa macho. Mwaka 1987 ndipo William Jacobs, Margaret Tuckman na Barry Bloom walipoonyesha njia ya kuingiza vinasaba vya kigeni ndani ya mikobakteria, kwa kutumia virusi vinavyowashambulia, vilivyoungwa na plasmidi ya bakteria wa kawaida wa maabara. Baadaye maabara ya Jacobs iliugeuza ujuzi huo kuwa mbinu ya kukata jeni iliyochaguliwa. Bila kalamu hiyo ya kuingiza vinasaba, makala zote tatu zisingeandikika.

Sasa tuisome ya Paris, iliyoongozwa na Alexander Pym katika maabara ya Stewart Cole. Kichwa kinaanza na neno la kupotea. Tazama kauli yake: kupotea hakuna mtendaji. Kitu kilichopotea hakikuondolewa na mtu, na hivyo ndivyo ilivyokuwa kule Lille. Watendwa ni wawili, BCG na M. microti, bakteria wa panya wa porini aliyewahi kutumika kuchanja watu. Uchaguzi huu wa wawili ni wa kimuundo kabisa. Bakteria hawa wawili walidhoofika kila mmoja kwa njia yake, na waandishi wanatuambia kwamba kati ya vipande vilivyokosekana, RD1 ndicho pekee kilichokosekana kwa wote wawili huku wakali wakiwa nacho. Ni mashahidi wawili wasiofahamiana wanaotaja jina moja.

Uzuri mkubwa wa makala hii, kwa hukumu yangu, ni kwamba inaanza hadithi ya Falkow kutoka mwisho. Sehemu ya pili, ya kuharibu, ilikuwa imeshafanywa na viazi. Waandishi wakaenda moja kwa moja kwenye sehemu ya tatu: walichukua kipande cha vinasaba kutoka kwa bakteria wa kifua kikuu cha binadamu, chenye RD1 pamoja na jeni za jirani, wakakipachika ndani ya BCG. Kiumbe aliyezaliwa wakamwita BCG::RD1. Nukta pacha mbili katikati ya jina hilo ni alama ya kawaida ya wanajenetiki, maana yake kitu kimepachikwa ndani ya kingine, lakini mhakiki hawezi kuzipita hivihivi. Upande wa kushoto umesimama mwili, upande wa kulia umesimama mgeni, na jina linakataa kuwachanganya. Halisemi BCG amekuwa mkali wala halimpi jina jipya. Linaihifadhi historia ya tendo ndani ya herufi zake, ili kila atakayelitamka akumbuke kwamba huyu si bakteria wa asili.

Matokeo yakaja. Koloni zilibadilika sura zikaelekea kufanana na za bakteria wakali. Ndani ya panya wasio na kinga, BCG::RD1 alikua kwa nguvu kuliko BCG wa kawaida, wengu ukavimba, vinundu vikatapakaa. Ndani ya panya wenye kinga alidumu muda mrefu zaidi. Lakini hakufikia ukali wa bakteria wa kifua kikuu. Ukali ulirudi kwa sehemu, na neno la sehemu limo katika muhtasari wa makala, halikufichwa katika majedwali. Ndiyo maana kichwa kinasema kulichangia. Mwandishi mwenye matokeo ya kuvutia kiasi hicho, aliyeingiza kipande kimoja akaona panya wakiugua, angeweza kabisa kuandika kwamba amepata sababu. Kitenzi cha kuchangia kinampa msomaji nafasi ya kuuliza: nani mwingine alichangia? Swali hilo kichwa kimeliacha wazi kwa makusudi.

Makala ya pili, ya Lewis na wenzake wa Seattle, ya 2003, inaanza na jina jingine: kufutwa. Hapa mtendaji yupo hata kama hatajwi. Kilichofutwa kimefutwa na mtu aliyekusudia. Safari hii RD1 inaondolewa kwa bakteria mkali wa binadamu, aina ya H37Rv ya maabara, na kiumbe anaandikwa kwa herufi ya Kigiriki delta, ΔRD1, alama ya kukosa. Ukiyaweka majina haya mawili sambamba, BCG::RD1 na H37Rv:ΔRD1, unaona kwamba kila moja ni kinyume cha mwenzake: huyu dhaifu kaongezewa, yule mkali kapunguzwa. Makala mbili zilizoandikwa mbali na mbali zimekamilisha hadithi moja ya Falkow, na hakuna iliyoikamilisha vizuri vile peke yake. Mhariri wa jarida lolote asingeweza kuipanga hivyo; imejipanga.

Kitenzi cha Lewis ni kuiga. Nakiheshimu na pia nakionea wasiwasi. Nakiheshimu kwa sababu kuiga kunakiri umbali: kinachoiga si kile kinachoigwa. Bakteria aliyefutwa RD1 alikua kwa shida ndani ya seli za kinga za binadamu zilizooteshwa maabara na ndani ya panya, karibu sawa na BCG, na hilo ndilo linalosemwa. Wasiwasi wangu ni kwamba mfanano humshawishi msomaji kuliko unavyothibitisha. Viumbe wawili wanaweza kudhoofika kwa kiwango kimoja katika panya kwa sababu tofauti, na mizani ya kuhesabu bakteria kwenye mapafu haitawatenganisha. Ukiondoa mnyororo wa baiskeli, baiskeli haiendi. Huwezi kusema kwa hilo kwamba kila baiskeli iliyosimama barabarani imekatika mnyororo.

Tunafika New York, kwa Tsungda Hsu na wenzake katika maabara ya Jacobs, na hapa sentensi inabadilika tabia. Haina kuchangia wala kuiga. Inasimama juu ya kitenzi cha kuwa: utaratibu mkuu ni huu. Tena haishii kwenye jeni. Hoja yake inapanda ngazi tatu: kutoka kipande cha vinasaba hadi kazi yake, yaani kupasua seli, kutoka kazi hadi mahali, yaani tishu za ndani za mapafu. Ni sentensi yenye tamaa kubwa, na tamaa hiyo naielewa. Pym anatuambia kwamba RD1 inahusika, Lewis anatuambia kwamba inatosha kuiondoa ili tupate mfano wa BCG, na wote wawili wanatuacha na kiu: inafanya nini hasa? Hsu alikuwa na jibu. Bakteria waliokatwa RD1 walishindwa kupasua seli zilizooteshwa, panya wasio na kinga walioambukizwa nao waliishi muda mrefu zaidi, na protini ya ESAT-6, mojawapo ya zile zinazosimbwa na RD1, iliharibu utando wa mafuta uliotengenezwa maabara.

Ushahidi huu una nguvu, lakini si wa kubeba neno mkuu. Ili useme kitu ni kikuu ni lazima uwe umevipima na vingine, na makala ilikipima kipande kimoja. Pym aliyejaribu kurudisha alikuwa tayari ameonyesha mwaka mmoja nyuma kwamba kipande hicho peke yake hakimrudishii BCG ukali wote. Ukuu uliodaiwa ulitokana na mwelekeo wa jaribio: anayekata huona hasara yote kwa pigo moja, na hasara ikiwa kubwa kitu kilichokatwa huonekana kikubwa. Anayerudisha huona kilichobaki bado kinakosekana. Kwa hiyo tofauti ya vitenzi kati ya Paris na New York naiona ni tofauti ya upande walioshikia hadithi, zaidi ya kuwa tofauti ya tabia za waandishi.

Mwaka huohuo wa 2003 Christopher Sassetti na Eric Rubin walichapisha makala yenye umbo tofauti kabisa: badala ya jeni moja na hadithi yake, waliwaingizia panya kundi la maelfu ya bakteria, kila mmoja ameharibiwa mahali pake, wakaangalia nani hakutoka. Walipata jeni 194 zinazohitajika ndani ya mnyama. Hiyo ni daftari la majina, haina mhusika mkuu, na thamani yake ni kutukumbusha kwamba ugonjwa huu una watendaji wengi. Siizungumzii zaidi hapa kwa sababu daftari halidai utaratibu.

Yaliyofuata yalizipima sentensi zile. Mwaka 2005 ilionekana kwamba ESAT-6 haiwezi kutolewa nje ya bakteria bila jeni nyingine zilizo mbali kabisa na RD1 katika jenomu. Mnamo 2009 Pilar Domenech na Michael Reed walionyesha jambo ambalo kila mhakiki wa makala hizi anapaswa kulijua: bakteria wa kifua kikuu anapooteshwa maabara hupoteza kwa urahisi uwezo wa kutengeneza nta moja ya ukutani inayoitwa PDIM. Katika chupa haihitaji, ndani ya panya anaihitaji sana. Fikiria maana yake kwa hadithi ya Falkow. Mtafiti anakata jeni fulani, na wakati huohuo, bila yeye kujua, bakteria wake amepoteza PDIM. Panya haugui. Jeni iliyokatwa inabebeshwa sifa isiyo yake. Kinachomwokoa mtafiti huyo ni sehemu ya tatu tu: airudishe jeni, na kama ukali haukurudi, aijue hadithi yake kuwa si ya kweli. Makala zinazokata bila kurudisha zipo nyingi, na kichwa kikali kikiwa juu ya makala ya namna hiyo naona ni kosa la uandishi kabla ya kuwa kosa la maabara.

Mnamo 2017 maabara ya Lalita Ramakrishnan huko Cambridge ilirejea suala la kupasua. William Conrad na wenzake waliona kwamba ule uharibifu wa utando uliohusishwa na ESAT-6 iliyosafishwa ulisababishwa, katika maandalizi waliyoyachunguza, na mabaki ya sabuni ya maabara iliyotumika kuisafisha. Upasuaji wa utando unaofanywa na bakteria mwenye RD1 ni wa kweli, lakini unahitaji bakteria mwenyewe aguse utando. Ngazi ya kwanza ya hoja ya Hsu, yaani kwamba RD1 inahusika na kupasua, imesimama. Picha ya protini moja inayotoka na kutoboa ndiyo iliyoyumba.

Na kuna nguchiro. Mwaka 2010 Kathleen Alexander na wenzake walimweleza Mycobacterium mungi, bakteria wa jamii hii anayewaua nguchiro miraba katika eneo la Chobe, Botswana. Bakteria huyu amepoteza sehemu ya RD1, zikiwamo jeni za ESAT-6 na mwenzake CFP-10. Kwa mantiki ya panya angekuwa mpole. Kwa nguchiro ni muuaji, na haingii kwa njia ya hewa: huenea kupitia majimaji ya tezi ambayo nguchiro hutumia kuwekeana alama za harufu, akipenya kwenye majeraha ya pua na ngozi. Kwa haki ya Hsu niseme kwamba kichwa chake kilihusu BCG peke yake, hivyo nguchiro hawakikanushi. Wanakanusha usomaji uliokizunguka, ule uliochukua "ndio" ya panya ukaifanya "ndio" ya ugonjwa mzima. Kichangiacho kwa mwenyeji mmoja kinaweza kuwa si kitu kwa mwingine. Kitenzi cha Pym kinawavumilia nguchiro bila kurekebishwa hata herufi.

Faida za kazi hizi tatu ni za kweli. Kwa kuwa BCG haina ESAT-6 na CFP-10, protini hizo mbili hutumika leo katika vipimo vya damu vinavyotofautisha mtu aliyeambukizwa kifua kikuu na aliyechanjwa tu, jambo ambalo kipimo cha zamani cha ngozi hushindwa. Katika nchi kama Tanzania na Kenya, ambako BCG hutolewa kwa watoto wachanga na ambazo Shirika la Afya Duniani liliziweka kwenye orodha yake ya 2021–2025 ya nchi 30 zenye mzigo mkubwa wa ugonjwa huu, hilo si jambo dogo. Mwaka 2023 watu milioni 1.25 walikufa kwa kifua kikuu duniani.

Katika makala hizi tatu, nampa Pym nafasi ya kwanza: kitenzi chake kina ukubwa uleule wa ushahidi wake. Lewis ni wa pili kwa kitenzi cha haki chenye hatari ya kushawishi mno. Hsu aliona mbali kuliko wote na akaandika sentensi iliyozidi alichokiona. Nawaomba wahariri na watafsiri wa habari za afya kwa Kiswahili, wanaoletewa kila mwaka taarifa za jeni iliyogunduliwa kuwa chanzo cha ugonjwa fulani: kabla ya kuandika kichwa, someni kama jeni hiyo ilirudishwa, ilirudishwa ndani ya nani, na ukali ulirudi kwa kiasi gani. Kama makala ya asili imesema kuchangia, msiandike kusababisha.